Asilimia 90 ya nani? Maswali yenu kuhusu kozi za mkupuo za programu

Barua nyingi za mwezi huu zimeegemea upande mmoja. Watu wenye kazi zao, wengine wana miaka kumi na zaidi kazini, wanataka kuhamia kwenye uandishi wa programu kupitia zile kozi kali za miezi mitatu hadi sita zinazoitwa butikempu. Barua zinazofanana tumeziunganisha.

Habari za kazi, wanajopo. Shule niliyoiona inatangaza kwamba karibu asilimia 90 ya wahitimu wake wanapata ajira ndani ya miezi sita. Ada si ndogo, lakini kwa takwimu hiyo naona kama ni jambo la uhakika. Je, kuna ninachokosa? — Mhasibu, miaka 33

Unachokosa ni swali ambalo bila shaka unawauliza wateja wako kila siku: hiyo ni asilimia 90 ya nani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kundi lina wanafunzi 40. Sita wanaacha kabla ya wiki ya tano, ama wamezidiwa ama wameishiwa fedha. Wanabaki 34, na kwa kuwa tangazo linasema "wahitimu", hesabu inaanzia hapo. Wanne hawakutimiza sharti la kutuma idadi fulani ya maombi ya kazi kila wiki, kwa hiyo wanaandikwa kuwa hawatafuti kazi na kuondolewa. Watano hawakujibu dodoso, nao nje. Wamebaki 25, na 22 kati yao wana "ajira". Hiyo ni asilimia 88, na tangazo linaandika "karibu 90".

Sasa wachambue hao 22. Wanne wameajiriwa na shule yenyewe kuwa wasaidizi wa wakufunzi kwa mkataba wa miezi mitatu. Watatu wana vibarua vya mtandaoni vya wiki mbili tatu. Wawili wamerudi kwenye fani zao za zamani. Wenye kazi ya kudumu ya kuandika programu ni 13. Ukiwagawa kwa wale 40 walioanza, unapata asilimia 32 na nusu. Hapo katikati huenda hakuna aliyetamka neno la uongo. Kila hatua ina maelezo yake. Ndiyo maana tangazo la namna hii ni gumu kulishika.

Mambo haya yamewahi kufika kwa vyombo vya sheria. Mwaka 2017 Flatiron School ya New York ilikubali kulipa dola 375,000 katika makubaliano na mwanasheria mkuu wa jimbo hilo. Pamoja na suala la kuendesha mafunzo bila leseni, ilitangaza ajira ya asilimia 98.5 bila kuweka wazi kwamba ndani yake wamo wenye vibarua, mikataba ya muda na uanagenzi. Aprili 2024, wakala wa Marekani wa kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, uliiadhibu BloomTech, iliyojulikana zamani kama Lambda School. Shule ilitangaza asilimia 71 hadi 86, ilhali takwimu zake za ndani zilikaribia 50 na nyingine zilishuka hadi 30. Mwanzilishi wake alikuwa amejigamba mtandaoni kwamba kundi moja lilipata ajira kwa asilimia 100. Kundi hilo lilikuwa na mwanafunzi mmoja.

Kwa hiyo andikia shule barua pepe, usipige simu, uombe namba za kundi moja lililomaliza angalau mwaka mmoja uliopita: walioanza, waliomaliza kwa wakati, waliopata kazi ya kudumu ya fani ndani ya siku 180, na walioajiriwa na shule yenyewe. Si ombi la ajabu. Mwaka huo huo wa 2017 baadhi ya shule za Marekani ziliunda baraza liitwalo CIRR ili ziripoti matokeo kwa kanuni moja, kwa kipimo hicho cha siku 180. Shule iliyo nazo namba hizi inakutumia. Ikikujibu kwa video za shuhuda za wanafunzi, basi umeshajibiwa.

Namba hizo kisha zipime mwenyewe. Ingia LinkedIn, mtandao ambako watu huweka wasifu wao wa kazi, tafuta jina la shule, na uchukue wahitimu 20 wa kwanza waliomaliza kati ya miezi 9 na 18 iliyopita, bila kuruka hata mmoja. Hesabu wangapi wana kazi kwenye kampuni isiyo yao na isiyo shule hiyo. Jihadhari na wanaojiita wahandisi wa programu kwenye "kampuni" ambayo ukiifungua unakuta ni mradi wao wa darasani. Waandikie watano. Usiwaulize kama kozi ilikuwa nzuri. Watasema ilikuwa nzuri. Waulize ni wangapi wa kundi lao wanaandika programu leo, na nani alikuwa akiwasahihishia kazi.

Mimi ni mwalimu, nina familia inayonitegemea. Nimejiwekea akiba inayotosha ada. Niache kazi nisome miezi minne mfululizo, au nichukue ile ya jioni? — Mwalimu wa sekondari

Akiba inayotosha ada haitoshi kozi, mwalimu. Ada mara nyingi si hata nusu ya gharama ukiacha kazi.

Tufanye hesabu kwa kutumia mshahara wako wa mwezi kama kipimo, maana ndicho kipimo unachokijua. Tuseme ada ni mishahara mitano, na kompyuta pamoja na intaneti ni mshahara mmoja. Miezi minne darasani bila kipato ni mishahara minne. Halafu kuna kutafuta kazi, na hapa ndipo watu wanajidanganya: weka miezi sita. Jumla ni mishahara 16. Kama kazi mpya italipa mara moja na nusu ya ya sasa, kila mwezi unajirudishia nusu mshahara, kwa hiyo utahitaji miezi 32 kurudi pale ulipoanzia. Hiyo ni kama umepata kazi. Ukiona nafasi yako ni nusu kwa nusu, zidisha mara mbili: miezi 64.

Kozi ya jioni ya miezi minane, huku mshahara unaingia na kazi unaitafuta ukiwa bado kazini, inakugharimu mishahara sita. Miezi 12 na umerudisha. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba kwa mtu mwenye wategemezi tunapendekeza ya jioni karibu kila mara.

Lakini ya jioni nayo ina ugonjwa wake. Inadai saa 15 hadi 20 kwa wiki, na watu wengi huachia njiani karibu na wiki ya kumi, pale JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa ndani ya kivinjari, inapokutana kwa mara ya kwanza na seva (kompyuta inayohudumia kurasa) na hifadhidata (ghala la data). Wiki hiyo isikukute kwenye kipindi cha mitihani ya wanafunzi wako. Omba ratiba ya wiki kwa wiki kabla ya kulipa, uiweke juu ya kalenda ya shule yako, uone zinagongana wapi. Ya kutwa ni saa 60 na zaidi kwa wiki ukijumlisha kazi za nyumbani. Anayefikiri atafundisha masomo ya ziada pembeni huku anaisoma hiyo hajaielewa bado.

Na kama mshahara wa kuanzia kwenye programu ni mdogo kuliko unaopata sasa, hesabu hiyo haianzi kurudisha chochote mpaka upandishwe. Kwa watu wenye uzoefu mrefu hilo ni jambo la kawaida, na matangazo hayaligusi.

Shikamooni. Kuna shule inasema hulipi hata senti mpaka upate kazi. Si ndiyo salama zaidi? Kama sijapata kazi, hasara ni yao. — Msomaji, miaka 24

Marahaba. Soma mkataba, si bango.

Huo unaitwa mkataba wa mgawo wa mapato, na kiini chake ni vipengele vinne: asilimia utakayokatwa, kiwango cha mshahara kinachoanzisha makato, idadi ya miezi, na kikomo cha jumla. Mkataba wa BloomTech tuliyoitaja ulidai asilimia 17 ya mapato kabla ya kodi kwa yeyote anayepata zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka katika fani inayohusiana, hadi malipo 24 au jumla ya dola 30,000. Wanafunzi waliambiwa si mkopo. CFPB ilisema ni mkopo, tena wenye gharama iliyofichwa ambayo kwa wastani ilikuwa karibu dola 4,000. Na ile dhana kwamba shule inapata hasara pamoja nawe haikusimama: shule ilikuwa ikiwauzia wawekezaji mikataba ya wanafunzi na kupokea fedha zake mapema.

Tafuta sentensi inayoeleza maana ya "kazi inayohusiana". Ikiwa pana mno, ukirudi kwenye kazi ya benki uliyoiacha utakatwa vilevile. Tafuta pia kinachotokea ukiacha wiki ya sita, na kinachotokea shule ikifungwa. Mkataba wa aina hii unaweza kuuzwa kwa kampuni nyingine, nayo itakudai hata kama mlango wa shule una kufuli.

Shule kufungwa si jambo la kufikirika. Dev Bootcamp ya San Francisco, iliyoanza 2012 na kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa, ilifunga mwishoni mwa 2017. The Iron Yard nayo ilitangaza kufunga mwaka huo huo. Desemba 2024 kampuni ya 2U, iliyokuwa ikiendesha kozi hizi kwa majina ya vyuo vikuu kadhaa, ilitangaza kuachana nazo. Ukilazimika kulipa mwenyewe, lipa kwa awamu zinazofuata masomo, kamwe si zote mbele kwa ajili ya punguzo la asilimia kumi.

Nitajuaje kama nina kichwa cha programu kabla ya kulipa? Hesabu zilinishinda shuleni. — Muuguzi

Suala la hesabu tuliweke pembeni haraka: kwa kurasa za wavuti na mifumo ya ofisi, hesabu za shule ya msingi zinatosha. Utazihitaji zaidi ukienda kwenye uchambuzi wa data au michezo yenye michoro.

Jipime kwa wiki nane, saa kumi kila wiki, bila kulipa. Vifaa vipo: freeCodeCamp, The Odin Project na kozi ya CS50 ya Harvard ni bure mtandaoni, na ubora wake hauko chini ya mitaala mingi ya kulipia. Chagua moja tu. Kuruka kutoka moja hadi nyingine ndiyo njia rahisi ya kujihisi unasoma bila kusoma.

Wiki mbili za kwanza, HTML na CSS, yaani lugha za kuupa ukurasa wa wavuti umbo na mwonekano. Mwishoni chukua ukurasa wowote wa gazeti na uujenge upya kwa kuutazama kwa macho, bila kunakili msimbo wake. Wiki ya tatu hadi ya tano, JavaScript tupu: vigeu, masharti, vitanzi, funksheni, orodha. Usiguse React wala maktaba yoyote, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Wiki ya sita na ya saba, tengeneza kitu kidogo kinachovuta data kutoka kwenye seva ya mtu mwingine na kuionyesha, kikiwemo kinachotakiwa kuonekana mtandao ukikatika. Wiki ya nane fungua faili jipya na ukiandike chote tena bila kufungua somo lolote.

Wiki hiyo ya nane ndiyo mtihani wenyewe. Kuelewa video ni rahisi, kama vile kumwangalia mtu anaogelea. Ukikwama mbele ya faili tupu, usishtuke. Kila mtu hukwama. Angalia unafanya nini baadaye. Anayefaa husoma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho, huchapisha thamani ya kigeu ili aone kinachoendelea, hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kesho yake hurudi. Asiyefaa bado hubadilisha mistari mitano kwa pamoja akiomba Mungu.

Andika saa zako kwenye daftari. Kati ya 80 ulizopanga, ukiwa umefikisha chini ya 60, usijiandikishe kwenye kozi ya kutwa. Ukiwa umefikisha 80 na ile kazi ya wiki ya nane imesimama bila msaada, huenda huhitaji butikempu kwa ajili ya maarifa. Kinachouzwa pale ni ratiba, mtu wa kukusahihishia na wenzako wa kukimbizana nao. Shule ambayo msahihishaji wake ni mhitimu wa kundi lililopita, asiyewahi kufanya kazi ya programu kwingine, inakuuzia ratiba tu. Uliza mkufunzi mmoja anasahihisha wanafunzi wangapi. Wakizidi 15, maoni unayopata yatakuwa mistari miwili.

Nina miaka 46, nimefanya kazi ya ghala na usafirishaji miaka 20. Watoto wangu wananiambia nimechelewa, na kwamba akili mnemba inaandika programu zote siku hizi. — Meneja wa ghala

Umri ni tatizo dogo kuliko wanavyosema wanao. Akili mnemba ni tatizo kubwa kidogo kuliko shule zinavyokiri.

Tangu zana hizi zienee baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, kazi ambazo zilikuwa chakula cha mwanagenzi zimepungua thamani: ukurasa mwepesi, fomu, majaribio madogo ya msimbo, kubadilisha data kutoka umbo moja hadi jingine. Zana inazifanya kwa dakika. Wakati huohuo upunguzaji mkubwa wa wafanyakazi kwenye kampuni za teknolojia mwaka 2022 na 2023 uliwaweka wenye uzoefu sokoni. Mhitimu wa wiki 12 anashindana na wote hao. Mtaala ambao bado unafundisha kana kwamba ni 2019 unakuandaa kwa mlango ulioachwa wazi kidogo sana.

Ila kuna kitu zana hizi hazina, na wewe unacho: unajua kwa nini hesabu ya mzigo kwenye mfumo haifanani na mzigo ulioko rafuni. Unajua kurudisha bidhaa kunavuruga nini. Kwa hiyo ushauri wetu kwako ni tofauti na wa kijana wa miaka 24: usitafute kuwa mwandishi wa programu wa jumla. Jifunze SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, vizuri, miezi miwili, kisha lugha ya programu ya Python ya kutosha kusafisha majedwali na kutengeneza ripoti, miezi mitatu. Halafu anza na mwajiri wako wa sasa, au kampuni zinazotengeneza mifumo ya maghala. Hapo miaka yako 20 inahesabika. Kwa kozi ya kurasa za wavuti haihesabiki hata kidogo, na ungelipa ada ili uwekwe foleni moja na vijana wasio na familia.

Nimemaliza butikempu miezi saba iliyopita. Maombi 140, usaili mmoja. Nirudi shule nyingine? — Aliyekuwa mpokezi wa hoteli

Hapana. Usinunue kozi ya pili kutibu ya kwanza.

Maombi 140 kwa usaili mmoja yanaonyesha kwamba unakwama kwenye karatasi, kabla hata hujaulizwa swali la programu. Fungua ukurasa wako wa GitHub, tovuti unakohifadhi msimbo wako, kama mgeni. Kuna uwezekano mkubwa utakuta orodha ya mambo ya kufanya, utabiri wa hali ya hewa na duka la kuigiza, vyote vimehifadhiwa ndani ya wiki zilezile, na faili zimepangwa sawasawa na za wenzako wote 30. Anayechuja maombi ameshaviona mara mia.

Futa au ficha hivyo. Jenga kimoja chenye mtumiaji wa kweli, na kwa kuwa umekaa mapokezi, kiwe cha vyumba: mgeni anahifadhi chumba, mwingine anahifadhi kilekile sekunde hiyohiyo. Programu nyingi za darasani huangalia kwanza kama chumba kipo wazi kisha ndipo huandika, na kati ya hatua hizo mbili wageni wawili hupita pamoja. Kuzuia hilo kwenye kurasa za kivinjari hakusaidii. Kizuizi kiwekwe ndani ya hifadhidata, kiasi kwamba chumba kimoja na usiku mmoja haviwezi kuandikwa mara mbili. Andika jaribio linalotuma maombi mawili kwa pamoja na kuthibitisha moja limekataliwa. Eleza uamuzi huo kwa aya moja kwenye faili la maelezo. Aya hiyo ndiyo utakayoulizwa kwenye usaili, na utakuwa na la kusema.

Tenga wiki sita. Katika hizo, usitume maombi ya kufanana kwa kila kampuni: tuma matano kwa wiki, kila moja likitaja kitu mahususi kwenye bidhaa ya kampuni hiyo. Wahesabu pia waajiri wa hoteli na watengenezaji wa mifumo yake. Huko wasifu wako wa zamani ni mtaji.

Na kabla hujamtumia mtu yeyote kiungo, pekua historia ya Git, zana inayotunza kila toleo la msimbo wako, utafute nywila na funguo za huduma za nje. Wahitimu wengi huziacha humo, na msahihishaji makini huziona mapema. Kufuta faili na kuhifadhi upya hakutoshi, kwa sababu toleo la zamani bado limo kwenye historia. Batilisha ufunguo kwanza kule ulikotolewa, toa mpya, uuweke kwenye faili la mazingira (linalotunza siri nje ya msimbo) lililoorodheshwa ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git haiyahifadhi, kisha ndipo usafishe historia yenyewe.